Kuchagua kibadilisha volti kwa laini za UART, SPI na I2C: mwongozo kamili

UART, SPI na I2C ni njia tatu ambazo chipu hutumia kuzungumza kwa waya, na kibadilisha volti ndicho kinachopatanisha pande zenye volti tofauti. Modemu nyingi za 4G huzungumza kwa volti 1.8. Mikrokontrola ya ESP32 huzungumza kwa 3.3. Bodi ya zamani yenye ATmega328P huzungumza kwa 5. Zote zina pini zilizoandikwa TX (kutuma) na RX (kupokea), zinafanana kama mapacha, na mkono unawasha kuunganisha waya. Ukiunganisha moja kwa moja, ama haitafanya kazi kabisa, ama itafanya kazi, ama itafanya kazi leo halafu ikuache njiani mwezi ujao. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, maana utashuku programu, utashuku waya, utashuku kila kitu isipokuwa volti.

Watu huuliza "nitumie chipu gani?" na swali hilo huja mapema mno. Kwanza jua nani anaisukuma kila laini, na anaisukuma namna gani. Volti zenyewe ni sehemu nyepesi ya kazi. Makosa mengi niliyoyaona, yangu yakiwemo, hayakutokana na kutojua kwamba upande mmoja ni 5 na mwingine ni 3.3. Yalitokana na kuweka chipu inayobahatisha mwelekeo mahali ambapo mwelekeo ulijulikana tangu mwanzo.

Hatua ya 1: Andika kila laini kwenye karatasi

Usiandike "UART". Andika TX peke yake, RX peke yake, na kama zipo, RTS na CTS za kuruhusiana kutuma. Kwa SPI andika SCK (saa), MOSI (data kwenda kwa kifaa), MISO (data kurudi) na kila CS (ya kuchagua kifaa). Kwa I2C andika SDA (data) na SCL (saa). Mbele ya kila laini jaza haya: volti ya upande wa kwanza, volti ya upande wa pili, nani anayetuma, kasi, urefu wa waya, na kama kuna wakati ambapo upande mmoja utakuwa umezimwa huku mwingine ukiwa na umeme.

Hilo la mwisho watu hulisahau, kisha linawarudia. Nitalifikia.

Hatua ya 2: Hakikisha unakihitaji kweli

Fungua datashiti (maelezo ya mtengenezaji wa chipu) za pande zote mbili utafute namba nne: VOH na VOL za anayetuma, VIH na VIL za anayepokea. VOH ni volti ya chini kabisa ambayo mtumaji anaahidi kuitoa akisema "moja". VIH ni volti ya chini kabisa ambayo mpokeaji anaahidi kuitambua kuwa "moja". VOH lazima iizidi VIH, na VOL lazima iwe chini ya VIL. Tofauti iliyobaki ndiyo akiba yako dhidi ya kelele za umeme.

Chukua ESP32 inayotuma kwenda ATmega328P iliyolishwa volti 5. ATmega328P inadai mara 0.6 ya volti yake ili kuona "moja", yaani 3.0. ESP32 inaahidi angalau mara 0.8 ya volti yake, yaani 2.64 ikiwa ni 3.3. Kwenye karatasi haitoshi. Mezani inafanya kazi, kwa sababu pini isiyobeba mzigo mkubwa hutoa karibu 3.3 kamili, na hapo akiba yako ni volti 0.3 hivi. Kwa majaribio ya jioni moja, sawa. Kwa kifaa kitakachofungwa ndani ya boksi karibu na mota, sikushauri.

Chipu nyingine zenye pembejeo za CMOS hudai mara 0.7, yaani 3.5 kwenye mfumo wa 5. Hapo 3.3 haifiki hata kwa bahati. Zenye pembejeo za TTL hudai 2.0 tu, kwa hiyo 3.3 inapita vizuri bila kuongeza chochote. Ndiyo maana huwezi kujibu swali hili kwa kuangalia volti ya umeme peke yake.

Upande wa kushuka, kutoka 5 kwenda 3.3, hatari ni nyingine. Ndani ya pini nyingi kuna dayodi ya ulinzi inayoelekea kwenye umeme wa chipu. Ukiingiza 5 kwenye pini ya chipu ya 3.3, dayodi hiyo hufunguka na mkondo humwagika kwenye reli, yaani njia ya umeme, ya 3.3. Inaweza kuonekana inafanya kazi kwa wiki kadhaa, huku reli ikipanda taratibu na chipu ikichoka. Pini za Raspberry Pi na ESP32 hazikukusudiwa kupokea 5. Baadhi ya pini za STM32 zinavumilia 5 na huandikwa FT kwenye datashiti, lakini soma maelezo yake hadi mwisho, kwa sababu mara nyingi uvumilivu huo hutegemea chipu iwe na umeme wakati huo.

Kati ya 1.8 na 3.3 hakuna la kujadili. Mpokeaji wa ESP32 anadai mara 0.75 ya volti yake, yaani karibu 2.48. Modemu ya 1.8 haitafika hapo kamwe.

Hatua ya 3: Tambua namna laini inavyosukumwa

Hapa ndipo uchaguzi unapofanyika, kwa hiyo nenda polepole.

Kuna laini za sukuma-vuta. Mtumaji ana transista mbili: moja inaivuta laini kwenda kwenye umeme, nyingine inaivuta kwenda kwenye grandi (sifuri ya umeme). Wakati wowote, moja kati ya hizo inafanya kazi. UART na SPI ni za namna hii. Kingo zake ni kali na kasi inaweza kuwa kubwa. Zaidi ya hayo, kila laini ina mtumaji mmoja anayejulikana. TX haitageuka kuwa RX katikati ya mazungumzo.

Kuna laini za opendreni. Mtumaji ana transista moja tu, inayoweza kushusha laini hadi sifuri. Kuipandisha ni kazi ya rezista ya kuvuta juu. I2C imejengwa hivi, na sababu ni nzuri: vifaa vingi vinatumia waya mmoja, na yeyote anaweza kuushusha bila kugombana na mwenzake. SDA hubeba data pande zote mbili. SCL pia si ya mwelekeo mmoja kama inavyodhaniwa, kwa kuwa kifaa kinachohitaji muda kinaruhusiwa kuishikilia chini ili kumsubirisha mkuu, yaani chipu inayoongoza mazungumzo.

Sasa gawa laini zako katika mafungu mawili. Laini za sukuma-vuta zenye mwelekeo unaojulikana zinataka kibadilisha chenye mwelekeo uliowekwa. Laini za opendreni zenye mwelekeo unaobadilika zinataka kibadilisha cha opendreni. Ukichanganya mafungu haya, hakuna datashiti itakayokuokoa.

Hatua ya 4: Chagua, ukianza na kilicho rahisi

Kigawanya volti. Kwa laini moja ya UART inayoshuka kutoka 5 kwenda 3.3, rezista mbili zinatosha. Weka 1k (omu 1,000) kutoka kwa mtumaji hadi pini ya mpokeaji, na 2k kutoka pini hiyo hadi grandi. Theluthi mbili ya 5 ni 3.33. Mkondo unaopotea laini ikiwa juu ni miliampea 1.7 hivi, jambo la kufikiria kama unatumia betri, maana laini ya UART iliyopumzika hukaa juu muda wote. Ukitumia 10k na 20k mkondo hupungua mara kumi, ila kingo zinakuwa butu. Rezista hizo mbili kwa pamoja huonekana kama 6.7k, na zikikutana na pikofaradi 50 za waya na pini, muda wa kupanda unakuwa takriban nanosekunde 730. Kwa baudi 115200, ambapo biti moja huchukua mikrosekunde 8.7, hiyo ni sawa. Kwa baudi milioni moja, biti ni mikrosekunde moja tu, na umepoteza sehemu kubwa yake kwenye mteremko. Kigawanya volti hakipandishi volti, na usikiweke kwenye I2C.

Bafa ya kupandisha, yaani chipu inayorudia mawimbi kwa volti yake. Kutoka 3.3 kwenda 5, familia za HCT na AHCT ni suluhisho la zamani lisilochosha. 74AHCT125 iliyolishwa 5 inakubali 2.0 kuwa "moja" na kutoa 5 safi. Ina milango minne, na ipo pia yenye mlango mmoja, 74AHCT1G125. Chunga herufi T. 74HC125 isiyo na T inadai volti ya juu zaidi, na wengi huichukua kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Bafa ya kushusha. Familia ya LVC, kwa mfano 74LVC125 au 74LVC1G125, ukiilisha 3.3 inapokea 5 kwenye pembejeo bila kudhurika, kisha inatoa 3.3. Ni afadhali kuliko rezista pale unapotaka kasi, au unapotaka upande mmoja ubaki salama ukizimwa.

Kibadilisha cha umeme pande mbili chenye mwelekeo uliowekwa. Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa UART na SPI katika kifaa kitakachotoka nje ya meza. Chipu ina pini ya umeme VCCA kwa upande mmoja na VCCB kwa upande mwingine, na kila upande unasoma na kuandika kwa volti yake. 74LVC1T45 ina laini moja na pini ya DIR inayoamua mwelekeo. Pande zote mbili zinakubali kuanzia 1.65 hadi 5.5, kwa hiyo modemu ya 1.8 na bodi ya 5 zinaelewana moja kwa moja.

Kuna mtego hapa. Ndugu yake, 74LVC2T45, ina laini mbili lakini DIR ni moja. Laini zote mbili huenda upande mmoja. Mtu anayetaka TX na RX huona "laini mbili" na kuagiza, kisha anagundua kwamba RX yake inasukumana na mtumaji wa upande wa pili. Kwa UART chukua 1T45 mbili, au chipu zilizopangwa mwelekeo tangu kiwandani. Familia ya TXU ni ya aina hiyo: TXU0202 ina laini moja kwenda na moja kurudi, inayofaa TX na RX. TXU0204 ina mbili kwenda na mbili kurudi, inayofaa UART yenye RTS na CTS. TXU0304 ina tatu kwenda na moja kurudi, umbo lile lile la SCK, MOSI, CS na MISO. Hakuna pini ya DIR ya kukosea.

Transista moja na rezista mbili. Kwa I2C, ubunifu huu umedumu kwa sababu ni mzuri. MOSFET ya aina ya N, mara nyingi BSS138, inaunganishwa hivi: geti kwenye umeme wa upande mdogo, sosi kwenye laini ya upande mdogo, dreni kwenye laini ya upande mkubwa, na rezista ya kuvuta juu kila upande. Hakuna anayeshusha, transista imefungwa na kila upande unapanda kwa rezista yake. Upande mdogo ukishushwa, geti inakuwa juu ya sosi, transista inafunguka na kuuvuta upande mkubwa chini. Upande mkubwa ukishushwa, dayodi ya ndani ya transista huanza kuuvuta upande mdogo, sosi inashuka, kisha transista inafunguka kabisa. Pande zote mbili, bila pini ya mwelekeo, bila kubahatisha.

Udhaifu wake ni rezista zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazopandisha laini. Bodi ndogo zinazouzwa zikiwa na BSS138 nne kwa kawaida hubeba rezista za 10k. Zinatosha UART ya 115200 kwenye waya mfupi, lakini si SPI ya megahezi kadhaa. Na upande mdogo ukiwa 1.8, angalia kizingiti cha transista: BSS138 inaweza kuhitaji hadi 1.5 kuanza tu kufunguka, kwa hiyo unabaki na nafasi finyu. 2N7002, inayofanana nayo kwa sura, inaweza kuhitaji hadi 2.5. Usiitumie kwa 1.8.

Kwa I2C yenye volti ndogo chukua chipu iliyokusudiwa, kama PCA9306. Fuata mchoro wa datashiti yake kwa makini, hasa rezista ya 200k kwenye pini za EN na VREF2. Hiyo si pambo, ndiyo inayoiweka transista ya ndani kwenye volti yake sahihi.

Chipu zinazojitambulia mwelekeo. Majina mawili hutawala hapa, TXB na TXS, na herufi moja ya tofauti imegharimu watu usiku mwingi. TXB, kwa mfano TXB0108, ni ya sukuma-vuta peke yake. Inasukuma ukingo kwa nguvu kwa muda mfupi sana, kisha inaishikilia laini kwa udhaifu wa makusudi, kupitia omu 4,000 hivi, ili upande wowote uweze kuishinda. TXS, kwa mfano TXS0102, ina rezista za kuvuta juu ndani yake na inakubali opendreni.

Niliwahi kuweka TXB kwenye I2C yenye rezista za 4.7k. Nilikaa siku nzima nikibadilisha programu, nikipunguza kasi, nikibadilisha kihisi. Jibu lilikuwa hesabu ya mstari mmoja: rezista ya 4.7k inavuta kwenda 3.3, chipu inashikilia chini kupitia 4k, na laini inatulia kwenye 1.5. Si "moja" wala si "sifuri". Datashiti yake inasema waziwazi kwamba rezista yoyote ya nje lazima iizidi 50k. Mimi ndiye sikuisoma.

Hata pale TXB inaporuhusiwa, waya mrefu unaweza kurudisha mwangwi wa ukingo, na chipu ikaudhani kuwa ni amri mpya. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama mwelekeo wa laini unajulikana, usilipie chipu iutafute. Ibakishe TXS kwa laini za pande mbili kwenye njia fupi za bodi moja, kama vile za kadi ya SIM.

RS-232 na RS-485 si kazi ya vibadilisha hivi. RS-232 hutumia volti chanya na hasi, ambapo "moja" ni hasi, na mpokeaji anatarajia chochote kati ya 3 na 15 kwa kila upande. Kibadilisha cha kawaida kitaungua. Tumia MAX3232 kwa mfumo wa 3.3 au 5, pamoja na kapasita zake ndogo. MAX232 ya asili ni ya 5 tu. RS-485 husoma tofauti kati ya waya mbili, na huko unahitaji chipu kama MAX3485 kwa 3.3 au MAX485 kwa 5. Ukiweka MAX485 mbele ya ESP32, pini yake ya kutoa data, RO, itatoa mawimbi ya 5, na umerudi kwenye tatizo la mwanzo.

Waya unapovuka kutoka boksi moja kwenda jingine lenye chanzo chake cha umeme, zingatia kitenganishi cha kidijitali kama ADuM1201. Kila upande unalishwa peke yake kuanzia 2.7 hadi 5.5, laini moja inakwenda na moja inarudi, na grandi mbili hazigusani. Umebadilisha volti na kukata njia ya mikondo ya ajabu ya grandi kwa chipu moja.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya muda kabla ya kulehemu

Kwa I2C, hesabu ni ya rezista. Kanuni ya basi hili inataka laini ipande ndani ya mikrosekunde 1 kwa kasi ya kilohezi 100, na ndani ya nanosekunde 300 kwa kilohezi 400. Rezista kubwa kabisa inayoruhusiwa ni muda huo ukigawanywa kwa 0.8473 mara kapasitansi ya laini. Tuseme vifaa na waya vimefikisha pikofaradi 200. Kwa kilohezi 400 unapata omu 1,770. Kwa kilohezi 100 unapata omu 5,900.

Sasa geuza upande wa pili wa shilingi. Kifaa cha kawaida cha I2C kinaahidi kumeza miliampea 3 tu huku kikibaki chini ya volti 0.4. Kibadilisha cha MOSFET kinapokuwa wazi, anayeshusha anabeba rezista za pande zote mbili kwa pamoja. Ukiweka 1.5k upande wa 5 na 1.5k upande wa 3.3, ni karibu miliampea 3.3 kuongeza 2.2, jumla 5.5. Umepita kiwango. Ukiweka 4.7k kila upande, jumla haifiki 1.8. Kwa mfano huu, basi, kilohezi 100 na 4.7k ni chaguo la uaminifu. Ukitaka 400, fupisha waya kwanza.

Usisahau kwamba moduli huja na rezista zake. Moduli nne zenye 10k kila moja zikiwa upande mmoja ni 2.5k tayari, kabla hujaongeza ya kwako.

Kwa SPI, hesabu ni ya ucheleweshaji, na inauma kwenye MISO. Saa inapita kibadilisha kwenda kwa kifaa, kifaa kinachukua muda kujibu, kisha jibu linapita kibadilisha kurudi. Kwa megahezi 20, nusu ya mzunguko ni nanosekunde 25. Kibadilisha kikichukua 5 kwenda na 5 kurudi, na kifaa kikachukua 10, umebakiwa na 5 za maandalizi ya mkuu. Datashiti huonyesha ucheleweshaji kwa kila jozi ya volti, na ukiwa 1.8 huwa mkubwa zaidi kuliko ukiwa 5. Soma safu ya volti zako, na usiridhike na namba ya ukurasa wa kwanza. Kasi ikikataa, punguza saa ya SPI. Mara nyingi hakuna atakayeona tofauti.

UART haina saa, kwa hiyo ucheleweshaji haina shida nao. Inachohitaji ni kingo zilizokwisha kutulia katikati ya biti, pale mpokeaji anaposoma.

Hatua ya 6: Fikiria upande mmoja ukizimwa

Kifaa cha betri huzima modemu ili kuokoa umeme. Mikrokontrola inabaki macho, TX yake imepumzika juu, na volti hiyo inaingia kwenye RX ya modemu iliyozimwa. Kupitia dayodi ya ulinzi, modemu inalishwa umeme kwa mlango wa nyuma. Haiwaki, haizimiki, na ukijaribu kuiwasha upya inagoma kwa sababu haikuwahi kuzimika kabisa. Tatizo hili nimelikuta mara nyingi kuliko chipu zilizoungua.

Tafuta kwenye datashiti neno Ioff (mkondo unaopita kwenye pini chipu ikiwa imezimwa), pamoja na sentensi inayosema kwamba VCC yoyote ikiwa kwenye grandi, pande zote mbili hujitenga. 74LVC1T45 inatoa ahadi hiyo. Kigawanya volti hakitoi, na bafa za HCT hazitoi.

Chipu ikijitenga, laini inaelea. Weka rezista ya kuvuta juu ya 10k hadi 100k kwenye RX ya upande ulio macho, ili UART ione hali ya kupumzika badala ya takataka. Kwenye TXB, hata hiyo 10k ni ndogo mno. Kumbuka zile 50k.

Hatua ya 7: Jenga kwa utaratibu

Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kwenye VCCA na nyingine kwenye VCCB, karibu kabisa na pini. Grandi ya pande zote iunganishwe, isipokuwa umetumia kitenganishi. Pembejeo usizotumia zifunge kwenye grandi au umeme, usiziache zikielea. Kama chipu ina pini ya OE (ya kuwasha na kuzima matokeo), ivute kuelekea hali ya kuzimwa kwa rezista, kisha mikrokontrola iiwashe pale umeme wa pande zote unapokuwa umetulia. Kwa TXB na TXS, VCCA isizidi VCCB, yaani upande A ni wa volti ndogo. Ukizigeuza, utapata tabia usizozielewa.

Hatua ya 8: Pima, usiamini macho

Kabla ya kuunganisha upande wa pili, washa kibadilisha peke yake na upime kwa multimita. Laini ya UART iliyopumzika ionyeshe 5 upande wa 5 na 3.3 upande wa 3.3. Ukiona 4.2 au 1.6, simama hapo.

Kisha tuma herufi U mfululizo, bila nafasi kati yake. Thamani yake ni 0x55, na kwa mpangilio wa biti 8 bila pariti na biti moja ya kufungia, laini inabadilika sifuri, moja, sifuri, moja bila kukatika. Multimita, inayoonyesha wastani, inapaswa kusoma karibu nusu ya volti: 1.65 kwa upande wa 3.3. Ikisoma zaidi, ama laini haishuki hadi chini, ama kuna mwanya kati ya herufi. Ukiwa na oskiloskopu utaona wimbi la mraba la kilohezi 57.6 kwa baudi 115200. Tumia probu kwenye hali ya mara 10, kwa sababu hali ya mara 1 huongeza kapasitansi kubwa kwenye laini, na utaanza kutibu ugonjwa ulioleta mwenyewe. Tazama sakafu ya wimbi ilivyo karibu na sifuri, kisha utazame ukingo wa kupanda. Umbo kama pezi la papa ni rezista kubwa mno. Hatua katikati ya ukingo ni watumaji wawili wanaogombana.

Kwa I2C tazama pale kifaa kinapojibu ACK, yaani "nimepokea". Sakafu ya wimbi hubadilika kidogo kwa sababu anayeshusha amebadilika, na hapo utaona kama kihisi kinaweza kubeba mzigo wa rezista zako. Ikipita 0.4, ongeza thamani ya rezista.

Mwisho, zima na uwashe upande mmoja mara ishirini huku mwingine ukiendelea, kwanza mmoja kisha wa pili, na baada ya kila mara tuma ujumbe na usubiri jibu. Halafu acha laini ipitishe data usiku kucha kwa kasi ya juu kidogo kuliko utakayotumia, programu ikihesabu makosa. Asubuhi ukikuta kosa hata moja, rudi hatua ya 3 na ile karatasi yako mkononi.